Vinywa Alivyoviacha Mdogo Wangu

Siku tuliyogawa vitu vya mdogo wangu tulikuwa watu sita chumbani mwake. Alikuwepo mjomba, ndugu wa mama, aliyekaa kwenye kiti cha pekee kwa sababu ya goti lake. Alikuwepo shangazi, dada wa baba, ambaye alikaa nami mkekani. Alikuwepo ustadhi wa madrasa, tuliyemwomba asimamie mgao ili pasizuke maneno baadaye. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, ambaye hutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani na alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja tu. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, askari wa lango huko huko Diani, akiwa bado na sare ya kazi. Na mimi, kifungua mimba wao. Wa saba alifika baadaye, na hakuna aliyekuwa amemwalika. Ni kwa sababu ya huyo wa saba nimekaa kuandika haya.

Ilikuwa arobaini ya marehemu. Asubuhi hitima ilisomwa, wali ukaliwa, majirani wakarudi kwao, tukabaki sisi wa damu na ustadhi wetu.

Mdogo wangu alikuwa kiziwi. Alikuwa pia mtengenezaji wa meno bandia, mwenye cheti cha chuo na ajira ya hospitali, na chumba hiki cha pembeni ya nyumba yetu, hapa Msambweni, ambacho alifanyia kazi zake za jioni. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu watu walizoea kutaja moja tu. Mtaani walimwita bubu wa meno. Hakuwa bubu. Alikuwa msemaji kupita sisi sote, ila maneno yake yalikuwa mikononi, na ilimpasa mtu amtazame ndipo ayapate.

Watu wakisikia kwamba kiziwi amefariki, huuliza ni gari gani lililomgonga. Hakugongwa na gari. Moyo wake ulivimba, akalazwa wiki mbili, akafariki Jumanne asubuhi mimi nikiwa nimemshika mguu. Tulimzika jioni ile ile.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa kali, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na masikio. Ninachokumbuka kuhusu siku zile ni kwamba alianza kutufungua midomo. Alimpanda mama mapajani, akamtia vidole viwili kinywani, akachungulia. Kisha baba, kisha mimi. Alikuwa anatafuta kitu kilichokuwa kikitoka humo zamani na sasa hakitoki. Mama alimwachia achungulie mpaka achoke, huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye vidole vya mtoto.

Baba alikuwa mkwezi wa minazi. Alianguka msimu wa mvua, mti ukiwa na utelezi. Mama alimfuata kabla ya miaka miwili kutimia, kwa ugonjwa ambao hatukuambiwa jina lake. Nilikuwa darasa la sita. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilikaa chini ya mikorosho na wanawake wa mtaa nikaanza kushona makuti, na mpaka leo nashona. Mapaa ya hoteli nyingi za Diani yamepita mikononi mwangu, ingawa ndani ya hoteli hizo sijaingia. Kwa makuti hayo nilimpeleka mdogo wangu shule ya bweni ya viziwi. Kila likizo alirudi na ishara mpya, akanifundisha jikoni, akinipiga kikofi cha mkono nilipokosea. Masomo niliyoyaacha kwa mwalimu niliyapata kwake, mimi nikikoroga uji na yeye akinisahihisha vidole.

Basi siku ile ya arobaini vitu vyake vilikuwa vimepangwa mbele yetu. Koti jeupe la kazi lenye doa la nta kwenye mfuko. Taa ya spiriti. Visu vidogo vya kuchongea nta, vimefungwa kwenye kitambaa. Kioo cha mkononi ambacho wagonjwa walijitazamia. Simu yake, iliyozimwa. Madaftari ambamo wateja wasiojua ishara waliandika wanachotaka, naye akajibu chini yake kwa mwandiko wake wa kuinama. Juu ya meza ulining'inia mshipi wa kuvulia samaki, na mwisho wa mshipi kulikuwa na kitambaa chekundu. Mshipi huo ulipita juu ya boriti, ukatoboa ukuta, ukaishia nje ya mlango kwenye kipande cha mti. Mgeni alivuta, kitambaa kikacheza mbele ya macho yake, naye akainuka kufungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa hodi yake.

Na ukutani, rafu tatu za vinywa.

Anayetengeneza meno huanza na kinywa cha plasta. Mgonjwa huuma kitu laini, alama za ufizi na meno yaliyobaki zinakaa, plasta inamiminwa humo, ikikauka unapata taya la mtu mezani. Mdogo wangu hakuwa akitupa hata moja. Aliandika jina la mwenyewe chini yake kwa kalamu ya risasi, akaliweka juu ya rafu. Nusu ya wazee wa Msambweni walikuwa ukutani pale, midomo wazi, kimya.

"Nguo ni rahisi," mjomba alisema. "Visu vikauzwe kwa mwenye kazi kama yake. Lakini hivi vinywa, mwanangu, vitupwe shimoni leo hii. Nyumba hii ina vinywa vingi kuliko watu."

"Na chako kimo," shangazi alisema bila kumtazama.

"Changu?"

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa tayari amekiona. Alikishusha, akasoma jina, akampa. Mjomba alikigeuza huku na huku.

"Mimi sina pengo kama hili."

"Huna meno kabisa, shemeji. Hayo unayotuonyesha ni yake."

Ustadhi alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, lakini mabega yalimsaliti. Mjomba naye akacheka, kisha akaacha ghafla, akafunga mdomo, na nikaona ulimi wake ukipita polepole juu ya meno yale, kama anayeyasalimu.

"Changu nitakwenda nacho," alisema baadaye kwa sauti ya chini. "Hivyo vingine vitupwe."

Mdogo wangu wa kike alileta gunia. Wakaanza na vitatu vya mwisho wa rafu ya chini, kwa sababu havikuwa na majina. Mahali pa jina mdogo wangu alikuwa amechora picha ndogo. Kimoja kilikuwa na mche wa mkoko, mrefu kama kidole. Kingine kilikuwa na mkasi. Cha tatu kilikuwa na jicho na nyusi, na vidole viwili vimegusa nyusi hiyo.

"Alikuwa akichezea kalamu tu," mdogo wetu wa mwisho alisema.

"Basi havina mwenyewe," mjomba alisema. "Vianze hivyo."

Niliviona vikiingia guniani na nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka siku iishe. Hapo ndipo kitambaa chekundu kilipopanda.

Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena mara mbili. Kwa siku arobaini hakuna aliyeugusa mshipi ule. Shangazi alinishika mkono kwa kucha. Ustadhi alitaja jina la Mungu. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kazi yake ni kusimama langoni na kuuliza watu wanakwenda wapi, hakusogea. Niliinuka mimi nikafungua.

Nje alisimama mwanamke wa rika langu, amejifunga leso mbili, miguu ina tope kavu la mikokoni. Kwa mkono wa kushoto aliufunika mdomo. Kwa ukucha wa mkono wa kulia aligonga mahali pa jino la mbele mara mbili, juu ya ule mkono wa kuziba, kisha akafungua kiganja. Kugonga jino mara mbili ndilo jina la mdogo wangu katika ishara. Alikuwa akiniuliza: yuko wapi?

Sijui kama nitaweza kueleza nilichohisi. Siku ya mazishi tulitangaza msikitini kwa kipaza sauti, misikiti mitatu. Tulipiga simu mpaka Lungalunga na Kinango. Jamaa walitoka Tanga. Makaburini mdogo wetu wa mwisho alisimama, kwa sauti yake ile ya langoni, akasema maneno niliyomtuma: kama marehemu anadaiwa na mtu yeyote, mwenye dai aje kwa dada yetu mkubwa, deni ni lake, na kama amemkosea mtu, tunamwombea msamaha. Tumelelewa tukijua kwamba deni humfuata mtu kaburini. Hakuna aliyejitokeza. Jioni ile niliona fahari kwamba mdogo wangu ameondoka hadaiwi.

Tulitangaza kwa kipaza sauti kifo cha kiziwi. Na mimi niliyekuwa masikio yake tangu nikiwa msichana, sikukumbuka hata mara moja kwamba wenzake hawasikii.

Kuna baya zaidi, nalo naliandika ili lisifichike. Siku za matanga simu yake ilikuwa juu ya rafu ya jikoni, ikitetemeka. Ilitetemeka mchana na jioni, mpaka ikawa inasogea yenyewe kuelekea ukingoni, na wanawake waliokuwa wakipika wakaanza kuiogopa. Alama ya kuifungulia aliijua yeye peke yake. Niliichukua nikabonyeza mpaka ikazima, nikasema, "Sasa tutapumzika." Wale walikuwa ni viziwi wenzake. Walikuwa wakimwita, nami nikawafungia mlango.

Yule mwanamke aligonga jino tena, akafungua kiganja.

Sikuweza kumwambia mlangoni. Nilimshika mkono, nikampitisha nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho, mpaka mahali baba na mama walipolala, na kando yao udongo ambao ulikuwa haujakaa sawa. Aliutazama. Alinitazama. Niligonga jino langu mara mbili, nikaonyesha chini.

Mkono wake ulitoka mdomoni. Nikaona hana meno manne ya mbele ya juu, na nikaelewa alichofuata kwetu.

Alikaa chini akashika udongo kwa mikono yote miwili. Kisha akauliza: siku ngapi? Nikamfungulia vidole vyangu kumi mara nne. Akahesabu pamoja nami. Kumi ya nne ilipofungwa alisimama, na hapo nilitukanwa kwa mikono namna ambayo sijawahi kutukanwa kwa mdomo. Alijipiga kifua: na mimi? Akaonyesha barabara ya Gazi, akaonyesha kusini, akaonyesha Ukunda: na sisi? Akanionyesha masikio yangu, akayafinya hewani kama anayang'oa na kuyatupa. Yana kazi gani? Ishara ya "nisamehe" nilijifunza jikoni nikiwa na miaka kumi na minane, na niliirudia mpaka kiganja kikaniwaka moto.

Tuliporudi chumbani wote walikuwa wamesimama. Aliingia bila kumwangalia mtu, akaenda moja kwa moja mwisho wa rafu ya chini. Palikuwa patupu. Akageuka, akaliona gunia. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akatoa kile kinywa chenye mche wa mkoko. Juu ya ufizi wa plasta palikuwa na meno manne, yamepangwa kwa nta, hayajakamilika. Mwanamke aligusa kifua chake, kisha akafanya ishara ya kuchomeka mche kwenye tope. Ndilo jina lake. Huko Gazi kazi yake ni kuotesha na kupanda mikoko.

"Kumbe ni majina," mdogo wetu wa mwisho alisema.

Mjomba alikaa tena kitini. "Mwanangu, nilikuwa nakwenda kutupa mali ya watu."

"Hii ni amana," ustadhi alisema. "Mgao umesimama. Hatugawi mpaka amana zirudi kwa wenyewe." Kisha akanigeukia. "Deni ulisema ni lako?"

"Nilisema ni langu."

"Basi mwenye dai amefika."

Mwanamke alikuwa akisoma midomo yetu mmoja mmoja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi kuziba wake. Hapo nikakumbuka jambo ambalo mdogo wangu aliwahi kuniambia nilipomlaumu kwa kuwatengenezea baadhi ya watu bure. Alisema: mtu anayesikia akipoteza meno, huziba mdomo kwa mkono na huendelea kusema. Sisi tukiziba mdomo, tumepoteza mkono mmoja wa kusemea. Wakati ule nilimwona mtoaji tu. Siku ile nilimtazama mwanamke yule akijitahidi kueleza kifo, aibu na hasira kwa mkono mmoja, na nikajua kwamba ndugu yangu alikuwa akirudisha mikono ya watu.

Nilimtolea guniani na cha pili, cha mkasi. Alikitambua: kinyozi wa Ukunda. Cha tatu, chenye nyusi, alikitazama sana. Akagusa nyusi yake kwa vidole viwili, akafikiri, akatikisa kichwa. Hamjui.

Nikavirudisha vyote vitatu juu ya rafu. Gunia likaenda na mdogo wangu wa kike Diani, kubebea nguo.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kuuliza nani anaweza kumalizia kazi ya mdogo wangu. Nilielekezwa kwa mtu aliyesoma naye, mtu wa bara, ambaye anafanya kazi hiyo hiyo upande wa Kwale mjini. Nilimpigia simu, na Jumapili akaja kwa pikipiki yake, amebeba mkoba.

"Pole sana, sista," alisema mlangoni, kisha akaona kipande cha mti, akakivuta, akachungulia ndani kuona kitambaa kikicheza. "Bado kipo! Huyu msee, wacha tu. Tulikaa dawati moja chuoni. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia lecture, na yeye ndiye aliyekuwa ananitolea practical. Mwalimu akishangaa mbona mimi mkali sana kwa nta."

"Unaweza kuyamaliza?"

Aliinua kile kinywa cha Gazi kwenye mwanga.

"Kumaliza, naweza. Kufanya hivi, hapana. Unaona hili jino? Amelipinda kidogo. Hakuna mtu anayefanya hivyo siku hizi, tunayanyoosha yote kama kigae cha choo. Amekumbuka vile lilivyokuwa kwake."

Alifanya kazi hiyo Jumapili tatu, nyingine kwetu, nyingine kwake penye mashine. Nilipomuuliza gharama alisema nimpikie wali wa nazi na samaki. Kinyozi wa Ukunda alikuja akapimwa upya, kwa sababu yake hayakuwa yameanza kupangwa. Alipofika mara ya kwanza alikuwa tayari anajua yote. Mwanamke wa Gazi alikwenda kwake siku ile ile aliyotoka kwetu, na kutoka kwenye kiti chake cha kunyolea habari ilikwenda mpaka Shimoni ikavuka Wasini. Ilikwenda haraka kuliko kipaza sauti. Ilichohitaji ni mtu mmoja tu wa kuianzisha.

Meno ya mwanamke wa Gazi yalipokuwa tayari, aliyavaa mbele ya kioo cha mdogo wangu. Alijitazama, akafunga mdomo, akafungua. Kisha akanigeukia akanieleza jambo refu kuhusu maji ya bahari kupanda juu ya miche yake, kwa mikono yote miwili, haraka mno, sikulipata hata nusu. Sikumkatiza.

Yeye na kinyozi ndio waliosema waje kuzika. Hawakusema kuhani, yaani kutupa pole. Walisema kuzika, kwa sababu kwao alikuwa hajazikwa. Walikuja Jumapili moja kabla ya adhuhuri, wanaume na wanawake, Waislamu na Wakristo, wengine vijana ambao mdogo wangu aliwafundisha wakati wa likizo zake, mmoja mzee sana aliyeongozwa na mjukuu wake. Walivuta mshipi mmoja mmoja wakiingia. Hapakuwa na aliyehitaji kufunguliwa, mlango ulikuwa wazi, lakini kila mmoja alivuta, na kitambaa kilicheza asubuhi nzima.

Makaburini ustadhi aliomba dua. Hawakuisikia, wakamtazama mikono. Alipomaliza hakujua afanye nini na ule ukimya. Mdogo wetu wa mwisho alinisogelea.

"Dada, yale maneno ya siku ile. Nani atayasema?"

"Mimi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wewe ulikuwa na sauti. Sasa ni zamu yangu."

Nilisimama upande wa kichwa wa kaburi. Mimi ni mshona makuti, sijawahi kusimama mbele ya watu. Niligonga jino langu mara mbili. Nikasema kwa mikono kwamba huyu ni ndugu yangu. Kwamba kama anadaiwa na mtu, deni ni langu, aje kwangu. Kwamba kama amemkosea mtu, namwombea msamaha. Na nikaongeza yangu: kwamba nilizima simu, na sikuwaita, na hilo ni deni langu mwenyewe, si lake. Nikakosea ishara mbili. Mwanamke wa Gazi alinipiga kikofi cha mkono, akanisahihisha.

Wakaja. Hakuna aliyedai fedha. Kijana mmoja alisema aliahidiwa kusindikizwa kwa chifu kutafuta kitambulisho, maana kila akienda peke yake anaambiwa arudi na mtu. Nilimsindikiza mwezi uliofuata. Msichana mmoja alitaka kitabu cha mifupa ya kichwa, alichokuwa amekiazima akakirudisha kabla hajakimaliza. Nilimpa. Yule mzee alieleza kwa muda mrefu, huku wenzake wakicheka mpaka wanashika matumbo, kwamba marehemu alimfunga katika mchezo wa bao mara ya mwisho walipocheza na akaondoka bila kumpa nafasi ya kulipiza. Mjomba alipofasiriwa hilo alisema, "Mwambieni alete kete. Huyo ni mpwa wangu, mimi ndiye niliyemfundisha." Walicheza mpaka alasiri. Mjomba alifungwa.

Kabla hawajaondoka nilikitoa kinywa cha tatu. Hiki hakikuwa kama vile vingine. Nilipokuwa nafagia chumba, nyuma ya taa ya spiriti nilikuta chupa ya kioo yenye kifuniko, na ndani yake seti nzima ya meno ya juu, imekamilika, imesuguliwa inang'aa, imelazwa ndani ya maji. Kwenye kifuniko pamechorwa jicho lile lile, na vidole viwili juu ya nyusi. Mtu wa bara aliyalinganisha na plasta akasema ni ya kinywa hicho. Yalikuwa yanangoja kuchukuliwa tu.

Nilikizungusha kwa kila mmoja, nikigusa nyusi yangu kwa vidole viwili. Wakatazamana. Wakaulizana. Kijana alidhani amemwona mtu mwenye ishara hiyo sokoni Ukunda zamani. Mzee alisema palikuwa na mwanamke wa namna hiyo upande wa mpakani, lakini yule alikuwa na meno yake yote. Kinyozi aliahidi kuuliza kila kichwa kitakachokaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyemjua.

Mgao ulifanyika mwishowe, ustadhi akisimamia. Mdogo wangu wa kike alichukua kioo. Mdogo wetu wa mwisho alichukua viatu na redio ambayo marehemu alinunua kwa ajili yangu. Visu na taa nilimpa yule mtu wa bara. Vinywa vyenye majina tunavirudisha kidogo kidogo; wenyewe wakipita barabarani nawaita, wengine wanacheka, wengine wanakana katakata, wanasema si vyao. Simu niliipeleka kwa fundi Ukunda. Alisema anaweza kuifungua lakini kila kilichomo kitafutika, nikamwambia anirudishie. Nimeiweka pamoja na koti. Mshipi haujaguswa.

Chupa iko juu ya rafu ya chini. Mtu wa bara alinionya kwamba meno yale yakikauka yatapinda, na hayatamkaa mwenyewe tena. Basi kila Ijumaa nabadilisha maji, nafuta kifuniko bila kugusa mchoro, naiweka mahali pake. Nikienda Ukunda kupeleka makuti, au Gazi, au nikipanda gari la Lungalunga kwa msiba wa jamaa, nikiona watu wanasema kwa mikono, nashuka. Nasalimia, nagusa nyusi kwa vidole viwili, nafungua kiganja. Mpaka leo wanatikisa kichwa.

Mahali fulani kuna mtu anasema kwa mkono mmoja. Huenda ametuma ujumbe kwenye simu niliyoizima, akadhani ndugu yangu amemsahau. Maji nimebadilisha jana.